KAMARADE WA UTOTO NA MAPENDO YASIYOJIBIWA
Namna vitabu vya vijana vinavyotueleza jambo hili

 Mu ukurasa huu wa vitabu tunataka kueleza aina moja ya hadithi ambayo wengi wetu tunapenda kuisoma, lakini tunaona haya kuizungumuza mbele ya wakubwa. Ni hadithi ya watoto wawili waliokomaa pamoja. Walicheza pamoja, walienda ku masomo kwa njia moja, waligawana muhindi mumoja wa kuchoma. Kisha siku moja mumoja wao anaanza kumupenda mwenzake kwa namna ingine, na yule mwenzake hajibu. Ao anajibu kwa kuchelewa. Ao wakubwa na vita wanajibu kwa nafasi yake.

Wengine wanasema: hadithi za mapendo ni za kupoteza wakati, mwanafunzi asome hesabu. Wengine wanasema: muache vijana wasome wanavyotaka. Sisi hatutaki kukata neno mbio mbio. Tutazame kwanza vitabu vyenyewe, tuone vinasema nini, kisha kila mutu akate neno lake.

Tumechagua vitabu vitano. "Le Grand Meaulnes" cha Alain-Fournier kilitoka Ufaransa mwaka 1913. "L'Enfant noir" cha Camara Laye, mwana wa Gine, kilitoka mwaka 1953. "Weep Not, Child" cha Ngũgĩ wa Thiong'o kilitoka mwaka 1964. Huyu ni wa inchi ya Kenya, hapana Kenya yetu ya hapa Lubumbashi. "Rosa Mistika" cha Euphrase Kezilahabi wa Tanzania kilitoka mwaka 1971. Na "Une si longue lettre" cha Mama Mariama Bâ wa Senegal kilitoka mwaka 1979. Kati ya hivi vitano, "Rosa Mistika" peke yake njo iliandikwa katika Kiswahili. Kiswahili chake ni cha Tanzania, lakini mwanafunzi wa huku kwetu akisoma polepole anasikia yote.

Tuseme wazi tangu mwanzo: si vyote viliandikwa kwa ajili ya vijana. Lakini vyote vinafika mu mikono ya vijana, na walimu wa inchi nyingi za Afrika wamevifundisha. Kwa hiyo ni vizuri tujue namna ya kuvisoma.

1. HADITHI YA NAMNA HII INAJENGWA NAMNA GANI?

Fikiri treni inayotoka hapa Lubumbashi. Inapita Likasi, inafika Tenke. Pale Tenke njia ya chuma inagawanyika: moja inaenda Kolwezi, ingine inapanda kwenda Kamina. Wasafiri wawili waliokaa kiti kimoja tangu Lubumbashi, wakila mukate mumoja, wanaweza kuachana pale. Hakuna aliyemukosea mwenzake. Ni njia tu zimegawanyika.

Hadithi ya kamarade wa utoto inapita vituo vile vile. Kituo cha kwanza ni utoto. Hapo watoto hawahesabu kitu. Mutoto wa mufanyakazi na mutoto wa bwana mukubwa wanakaa ku benchi moja, na hakuna anayeuliza baba yako anafanya kazi gani. Kituo cha pili ni kubadilika. Mumoja anaamuka mbele ya mwenzake. Jana alimuita dada yake kwa sauti kubwa mu njia, leo jina lilelile linamukwama mu koo. Kituo cha tatu ni kutojibiwa. Kituo cha ine ni kile kinachobaki: uchungu, ao hekima, ao urafiki wenyewe, ao hakuna kitu.

Ukisoma kitabu cha namna hii, jaribu kutafuta vile vituo vine. Utaona kwamba mwandishi mumoja anakaa sana ku kituo cha kwanza, mwingine anakimbilia cha tatu. Mahali mwandishi anapokaa sana, pale njo penye moyo wa kitabu chake.

2. JUU YA NINI KAMARADE WA UTOTO, HAPANA MUGENI?

Mutu anaweza kumupenda mugeni aliyemuona mara moja mu arusi, na kukataliwa naye. Ataumia, lakini atapoteza kitu kimoja tu: lile tumaini lake. Yule anayempenda kamarade wake wa utoto anaogopa kupoteza vitu viwili. Akisema neno, anaweza kukosa mapendo, tena anaweza kukosa rafiki. Akinyamaza, anamulinda rafiki, lakini moyo unamuchoma. Hata akifanya nini, kuko bei ya kulipa. Njo maana waandishi wanapenda hadithi hii. Haihitaji mwizi wala mulozi. Watu wawili wazuri tu wanatosha.

Kuko sababu ya pili. Watoto wawili wakikomaa pamoja, mwandishi anaweza kutuonyesha inchi nzima inavyobadilika, pasipo kutufundisha historia kwa fimbo. Tunawaona wakiwa wadogo, hakuna ukuta katikati yao. Tunawaona tena wakiwa wakubwa, ukuta umesimama. Tunauliza: nani alijenga ukuta huu? Ngũgĩ anajibu swali hilo kuliko wote.

3. NJOROGE NA MWIHAKI: UKUTA WA WAKUBWA

Ngũgĩ alizaliwa mwaka 1938 karibu na Limuru, na alikufa mwaka 2025. Kitabu chake "Weep Not, Child" aliandika akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, kule Uganda. Tusisahau hilo: aliyekiandika alikuwa mwanafunzi, sawa sisi.

Njoroge ni mutoto wa Ngotho. Ngotho anafanya kazi mu shamba la muzungu, Bwana Howlands, na shamba lile ni udongo wa wababu zake mwenyewe. Mwihaki ni binti ya Jacobo, mutu tajiri ambaye Wazungu walimupa ruhusa ya kulima pareto, wakati watu weusi wengi walikatazwa. Tena nyumba ya Ngotho inasimama juu ya udongo wa Jacobo. Angalieni namna mwandishi alivyopanga: hata mbele ya watoto kukutana, wazazi wao wamekwisha kuwekwa mumoja juu, mwingine chini.

Lakini watoto hawajui. Siku ya kwanza ya Njoroge ku masomo, vijana wakubwa wanataka kumutesa sababu ni mugeni. Mwihaki njo anamusaidia. Binti ya tajiri anamulinda mwana wa mufanyakazi. Tangu pale urafiki unashika. Wanatembea pamoja, wanazungumuza juu ya masomo, na Njoroge anaamini kabisa kwamba masomo yatamaliza taabu zote za jamaa yake.

Kisha mambo ya wakubwa yanaingia. Wafanyakazi wanagoma, Jacobo anakuja kuwatuliza kwa upande wa serikali, Ngotho anamurukia mbele ya watu wote. Mu Oktoba 1952 serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, na vita ya Mau Mau ikaendelea. Jacobo anakuwa chifu anayechukiwa. Kaka ya Njoroge, jina lake Boro, anaingia mu pori. Jacobo anauawa, na aliyemuua ni huyo Boro. Sasa kati ya Njoroge na Mwihaki kuko damu.

Ku mwisho, Njoroge amefukuzwa ku masomo, baba yake amekufa, kazi amekosa. Anamutafuta Mwihaki, anamuambia mapendo yake, anamuomba wakimbie pamoja Uganda. Mwihaki hamudanganyi. Anamupenda naye, lakini anakataa kwenda. Mama yake amebaki mujane, na yeye anaona kazi yake ni kukaa naye. Kesho ikifika, watu watahitaji vijana waliobaki.

Wasomaji wengi wanamuhukumu Mwihaki. Wanasema ni moyo mugumu. Sisi tunaomba mufikiri tena. Yeye pia amepoteza baba. Anaweza kukimbia na kijana ambaye kaka yake alimuua baba yake, na kumuacha mama yake peke yake? Njoroge anataka Uganda iwe dawa ya uchungu, sawa vile zamani alitaka masomo yawe dawa. Mwihaki anaona kwamba hakuna mahali pa kukimbilia. Kati ya hao wawili, yeye njo amekomaa mbele. Na mapendo yake si madogo kuliko ya Njoroge. Ni kwamba mabega yake yamebeba kitu kingine pia.

Mwalimu anayetaka kueleza ukoloni kwa klasi anaweza kuandika tarehe ku ubao. Ngũgĩ anatuonyesha watoto wawili ambao zamani walishika njia moja ya masomo, na leo hawawezi tena. Mwanafunzi atasahau tarehe. Wale wawili hatawasahau.

4. WALE WANAONYAMAZA

Aina ya pili ni ile ya mutu asiyesema. Hakuna anayemukatalia, sababu hakuuliza kitu.

Katika "Le Grand Meaulnes", anayesimulia ni François Seurel, mutoto wa mwalimu wa kijiji. Rafiki yake Augustin Meaulnes anapotea njia siku moja, anafika mu nyumba kubwa ya ajabu penye sikukuu, na pale anamuona Yvonne de Galais. Kitabu kizima ni kumutafuta Yvonne tena. Anayemupata ni François, lakini hamupati kwa ajili yake mwenyewe. Anamupeleka kwa rafiki yake. Wanaoana, na Meaulnes anaondoka asubuhi inayofuata, sababu ya ahadi ya zamani aliyompa kijana mwingine. Yvonne anazaa, anakufa, na François anabaki kumutunza mutoto wa watu. Wasomaji wengi wanaona kwamba François alimupenda Yvonne kuliko Meaulnes mwenyewe. Hasemi wazi hata mara moja. Unapaswa kusoma kati ya mistari: ni nani anayemutembelea? Ni nani anayekaa naye? Ni nani anayebeba mwili wake siku ya kifo?

Mwandishi alijua jambo hili kwa mwili wake. Tarehe 1 Juni 1905, akiwa na miaka 18, alimuona binti mumoja mu Paris, jina lake Yvonne de Quiévrecourt. Baada ya siku chache alizungumuza naye. Yule binti akaolewa na mutu mwingine. Kutoka mu uchungu ule kijana hakutoa matusi, alitoa kitabu. Kilitoka mwaka 1913, na mu Septemba 1914 mwandishi mwenyewe akafa ku vita, hajafikisha miaka 28. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na wanafunzi wa inchi ambazo hakuzijua wanaendelea kukisoma.

Camara Laye naye, katika "L'Enfant noir", anatueleza juu ya Marie. Laye ametoka Kouroussa, amekuja Conakry kusoma ufundi, anapita siku za kupumuzika kwa baba yake mudogo Mamadou. Marie anakuja pale pia. Wanatembea kwa kinga moja, Marie amekaa nyuma. Wake za baba mudogo wanacheka, wanauliza: mbona hamusemi kitu? Nao hawasemi. Kila mumoja anaogopa kuharibu kile walicho nacho. Siku ya kwenda Ufaransa ikifika, wanapanda ndege moja mpaka Dakar, kisha wanaachana.

Hapa hatuwezi kusema Marie alikataa. Swali lenyewe halikuulizwa. Na kitabu hakilii sana juu ya hilo. Kinaonyesha tu kwamba kuko kunyamaza kwa hofu, na kuko kunyamaza kwa heshima, na kijana mwenyewe mara nyingi hajui ya kwake ni ipi. Hapa Lubumbashi tunasikia kila siku: "Ule ni kamarade tu." Neno "tu" katika sentensi hii mara ingine linafunika mambo mengi. Na mara ingine halifunike kitu. Ni kamarade kweli, na tunapaswa kukubali.

5. KUKATAA HAPANA KUTUKANA

"Une si longue lettre" ni mukanda, yaani barua, murefu kama kitabu. Ramatoulaye amefiwa na bwana yake, na mu siku za kilio anamuandikia Aïssatou, rafiki yake tangu utoto. Nyumba za mababu zao zilikaribiana, walisoma pamoja Korani, kisha pamoja wakasoma ualimu. Kwa hiyo kitabu hiki kina mambo yetu yote mawili. Kina urafiki wa utoto uliodumu, na kina mapendo ambayo hayakujibiwa.

Yule asiyejibiwa ni Daouda Dieng. Alikuwa munganga, mutu wa heshima, mama ya Ramatoulaye alimutaka sana. Ramatoulaye akamuchagua Modou Fall. Miaka mingi ikapita. Daouda akaoa, akapata watoto, akawa mubunge. Modou akamuoa kwa siri binti mudogo, rafiki ya mutoto wake mwenyewe, kisha akafa. Daouda akarudi, akamuomba Ramatoulaye mara ya pili. Kila mutu mu kartie alisema: kubali, una watoto kumi na wawili, huyu ni mutu muzuri na ana feza.

Ramatoulaye akakataa. Hakumuchekelea, hakumutangaza, hakukula kwanza feza zake kisha kumukimbia. Alimuandikia kwa heshima: ninakuheshimu, lakini heshima haitoshi kwa ndoa, tena una bibi tayari, na mimi najua uchungu wa muke aliyeletewa mwenzake. Akamupa urafiki. Daouda akajibu kwa neno fupi kwamba urafiki mutupu hautaki, na hakurudi tena.

Hapa kuko somo kwa pande zote mbili. Mwenye kukataa anaweza kusema kweli pasipo kutukana. Na mwenye kukataliwa ana haki ya kusema: siwezi kuwa rafiki yako sasa, niache niende zangu. Daouda hakusimama ku mulango kila usiku. Hakumuharibia jina. Alienda. Ni uchungu, lakini ni heshima.

Na Aïssatou? Ramatoulaye alipoteseka na wingi wa watu mu motokari za njia, Aïssatou alimununulia gari. Hakumuambia kwanza. Mapendo ya mabwana wao wawili yalivunjika. Urafiki wa wale mabinti wawili wa zamani haukuvunjika. Wasomaji wengi wanatafuta mapendo mu kitabu hiki, wanapita ku ile gari bila kuiona. Sisi tunasema ile gari njo mapendo makubwa ya kitabu kizima. Wale wanaosoma Bibilia watakumbuka Daudi na Yonatani: kuko urafiki unaopita mambo mengi.

6. ROSA: WAKATI MUTU MUMOJA ANALIPA DENI LA WOTE

Sasa tufike ku kitabu kigumu. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 mu kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa Viktoria, na alikufa mu Januari 2020. "Rosa Mistika" ilikuwa riwaya yake ya kwanza.

Rosa ni binti mukubwa wa Zakaria na Regina. Angali mudogo, kijana Charles anamuandikia mukanda wa mapendo. Baba anagundua. Zakaria ni mulevi, lakini siku ile anajifanya mulinzi wa heshima, anamupiga binti yake bila huruma. Tangu pale Rosa anajifunza jambo moja tu juu ya vijana wanaume: hofu. Hakuna aliyekaa naye kumueleza kitu. Akienda ku masomo ya mbali, ile hofu inavunjika siku moja, na hana kitu kingine cha kuweka mahali pake. Wanaume wanamuchezea, na kati yao kuko wakubwa waliopaswa kumulinda.

Kisha anarudi, amechoka, anataka kuanza maisha mapya. Charles naye amerudi. Mapendo ya utoto yanaamuka. Wanapanga kuoana. Lakini Charles akijua kwamba Rosa si bikira, anamuacha. Rosa anajiua.

Angalieni hesabu ile. Zakaria alipiga, wanaume walidanganya, wakubwa walinyamaza, Charles alihukumu. Aliyelipa ni Rosa peke yake. Na Charles, ambaye mukanda wake ulianzisha yote, hakujiuliza hata swali moja juu ya mwenendo wa wanaume, yeye akiwa mumoja wao. Alimupenda binti wa zamani aliyekuwa mu kichwa chake. Binti muzima aliyesimama mbele yake hakumuona. Hilo njo kosa kubwa la wengi wanaopenda kamarade wa utoto: wanapenda sanamu ya jana, na wanamukasirikia mutu wa leo juu hafanani nayo.

Kitabu hiki kilikatazwa mu masomo ya Tanzania kwa muda, sababu ya mambo kinayoyasema wazi. Baadaye kilikubaliwa, kikafundishwa. Tunaelewa waliokataza: kuko kurasa ambazo mutoto wa miaka 12 hapaswi kupewa kusoma peke yake. Lakini tuulize: Rosa aliharibiwa na kitabu? Hapana. Aliharibiwa na kunyamaza. Kitabu kinachovunja kunyamaza hakiwezi kuwa adui wa masomo. Kisomwe mu klasi za juu, na mwalimu akiwa karibu, na maneno yazungumuzwe. Kufunga kitabu mu kabati hakufungi mambo yaliyomo. Yako inje, mu njia tunazopita kila siku.

7. JUU YA KIFO KU MWISHO WA KITABU

Lazima tuseme jambo hili bila kuzunguka. Rosa anajiua. Njoroge naye anataka kujiua ku mwisho wa "Weep Not, Child". Lakini usiku ule sauti ya mama yake inamuita gizani. Anamusikia. Anarudi nyumbani pamoja naye. Anajiona muoga, lakini akifika anakimbia mbele kufungua mulango kusudi mama zake wapite. Kitabu kinamuacha pale, akiwa muzima, na mukono wake ku mulango.

Kijana aliyeumizwa anaweza kusoma kifo cha Rosa na kuwaza ni mwisho muzuri, sababu wote wanalia. Si hivyo. Mwandishi hakuandika kifo kile kusudi tukifuate. Alikiandika kusudi wazazi, walimu na akina Charles waone haya. Na angalieni tofauti ya wale wawili. Rosa hakubaki na mutu wa kumusikiliza. Njoroge aliitwa. Tofauti kati ya kufa na kupona ilikuwa sauti ya mutu mumoja.

Kwa hiyo, ukiona mwenzako mu internat haongei tena, hali chakula, anagawa vitu vyake, usicheke kwamba "amepigwa na mapendo". Mukae naye. Muite kwa jina. Musindikize kwa mutu mukubwa mnayemuamini, mwalimu ao mama ao muchungaji, hata kama amekuapisha usiseme. Na wewe unayeumia, chagua mutu mumoja umuambie leo, hapana kesho. Uchungu wa mapendo ya kwanza ni wa kweli. Wakubwa wanaocheka wamesahau ya kwao. Lakini unapita.

8. MASWALI YA KUSOMEA

Mara ingine ukishika kitabu cha namna hii, weka maswali haya manne pembeni yako.

Kwanza: nani anasimulia? Mara nyingi anayesimulia ni yule asiyejibiwa, na sisi tunalia naye. Kijana wa huku atasema: "Miye minamupenda, yeye ananiona paka sawa kaka yake." Vizuri. Lakini yule binti angepewa kalamu, angeandika nini? Pengine angeandika: nilikuwa na kaka mumoja wa kweli mu dunia, na siku moja akaniambia hataki tena kuwa kaka.

Pili: neno lilisemwa? Usimuite mutu mukatili kwa kutojibu swali ambalo hakuulizwa.

Tatu: ukuta ni wa nani? Ni moyo wa yule mwingine tu? Ao ni wazazi, feza, kabila, vita? Ukuta wa moyo tunapaswa kuuheshimu. Kuta zingine tunaweza kuanza kuzibomoa sisi wenyewe, hapa hapa mu klasi, kwa namna tunavyokaa na tunavyoitana.

Ine: nini kilibaki? Alain-Fournier alibaki na kitabu. Ramatoulaye alibaki na Aïssatou. Njoroge alibaki na mama yake na mulango wa kufungua. Mutu hatoki mikono mitupu, akiishi.

Na ninyi mnaotuletea hadithi zenu kwa bulletin hii, tunawaomba jambo moja. Musimuue binti kwa ajali ya motokari ku ukurasa wa mwisho kwa sababu alisema hapana. Mumuache aishi, aende zake, asome. Kisha mutuandikie kijana alifanya nini kesho yake asubuhi, wakati kengele ya masomo ilipolia na yeye alipaswa kukaa tena ku benchi ileile pamoja naye. Hadithi ile njo tunaingoja.